Kupe katika Sikio la Sukari

Butembo, mwezi wa kumi 2000

Mpendwa Mama Berthe, mshauri wetu wa redio, naomba unisaidie kabla ya Jumapili, kwa sababu kuna mama mmoja anayeweza kuuawa kwa kosa langu, na mimi peke yangu ndiye ninayejua ukweli.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na sita, mwaka wa tatu wa sekondari, nyumbani kwetu ni kwenye kilima kimoja juu ya Butembo, baba yangu alikuwa na ng'ombe watatu wa maziwa, Sukari, Blanchette na Bijou, na zamani kwetu kulikuwa na baridi kali, mwezi wa saba majani yalikuwa meupe kwa umande asubuhi na baba hakutoka bila koti, lakini miaka hii koti linaning'inia tu msumarini, kiangazi kinazidi kurefuka, malisho yamekauka, na Sukari aliyekuwa anajaza ndoo akaanza kutoa vikombe viwili.

Mwaka jana vita viliwafukuza watu wa bondeni, na mjane mmoja, Mama Jokébed, alipanda kwetu kutoka Kyavinyonge na ng'ombe wake mmoja mwekundu, baba akataka kumkaribisha walishe pamoja, ila aliniuliza mimi kwanza, maana alisikia kwamba ng'ombe wa chini huleta kupe: "Wewe mwenye kusoma, kupe inaweza kuishi huku kwetu?" Nilifungua daftari langu la biolojia, nikamsomea sentensi aliyotuandikisha Mwalimu Zorobabel: Kupe hawaishi katika milima yetu, baridi huwaua. Kwa sentensi ile nilipata kumi juu ya kumi. Baba alicheka, akawaambia majirani kwamba binti yake ni daktari, na dawa ya kuwapaka ng'ombe hakuitafuta.

Mwezi wa saba nilikuta kupe sita katika sikio la Sukari. Niliwatambua, nikawatupa motoni, sikusema neno, kwa sababu shangazi yangu anasema kila siku kwamba shule inanipotezea wakati, na kama shule imesema uongo nitabaki na jembe. Sukari alivimba chini ya masikio, akakohoa, akatoa povu puani, akafa, Blanchette akamfuata baada ya majuma mawili, mvua ya mwezi wa tisa haikuja kwa wakati wake, na sasa Bijou hataki kula. Ng'ombe wa Mama Jokébed hana hata homa. Ndipo baba aliposema mbele ya watu, "Ng'ombe yangu mbili iko chini ya udongo, yake iko inatafuna tu. Munielezee."

Mmoja akasema ni ile chumvi ambayo Mama Jokébed aliwalambisha ng'ombe wetu mkononi mwake, wengine wakaitikia, na wamekubaliana kwamba Jumapili baada ya misa watampeleka kwa wapiganaji walio msituni, nao hawana jela. Yeye hajui. Jana alinisuka nywele, akaniuliza masomo yanaendaje.

Mwalimu Zorobabel alikwenda Oicha kabla ya mapigano, hakurudi. Je, nimwambie baba? Na daftari nilichome?

Mwanafunzi wa kilimani

*

Binti yangu,

Sikungoja siku ya kipindi. Jina la kilima chenu uliliandika nyuma ya bahasha, basi jibu hili nimempa Mathe, muuguzi wa mifugo, akuletee kwa mkono. Redioni nitalisoma baadaye, na majina nitakuwa nimeyabadilisha.

Ulikosa, lakini si pale uliposoma. Mwalimu wako hakudanganya. Sentensi yake ilikuwa kweli wakati majani yalipokuwa meupe asubuhi. Baridi ile imepungua, kupe anayepanda na ng'ombe wa bondeni hafi tena, na ng'ombe aliyekondeshwa na kiangazi hana nguvu ya kushindana na homa inayoletwa na kupe. Yule mwekundu, Mathe anasema, pengine aliugua akiwa ndama, akapona, na tangu hapo mwili wake unaijua homa ile. Ndiyo maana anatafuna. Chumvi haina kosa.

Ulikosa mwezi wa saba, pale motoni. Ulijiokoa na jembe ukamwachia mgeni wenu mzigo. Unalia? Lia ukiwa njiani.

Leo hii, kabla ya kumwambia baba, mwambie Mama Jokébed kila kitu, na umsindikize kwa watawa wa parokia yenu akalale huko. Atakukasirikia. Nyamaza, umsikilize. Kisha ingieni zizini na Mathe, mtazame masikio ya Bijou, na kupe mtakaowapata muwatie katika chupa. Kuhusu Bijou mwenyewe siwezi kukuahidi, huenda tumechelewa. Halafu nenda kwa baba, Mathe akiwa amekaa hapo hapo. Akikuuliza kwa nini ulinyamaza, mjibu kama ulivyoniandikia mimi.

Daftari usilichome. Fungua ukurasa ule ule, na chini ya sentensi ya mwalimu uandike tarehe, idadi ya kupe, na sikio la ng'ombe gani. Ya juu usiifute. Msomee baba zote mbili. Yeye ni mtu anayemsikiliza binti yake akisoma, na kilimani kwenu leo hakuna mwingine wa kumsomea.

Jumapili ni kesho kutwa. Mathe yuko mlangoni, usimngojeshe.

Mama Berthe