Tairi Lililogoma Kawetele

Mjukuu wangu Tusajigwe,

Ndaga, asante sana kwa barua. Hapa Kawetele tuko wazima; bibi yako goti linamsumbua, ila mdomo mzima kabisa. Unasema mashine yako ya mkono ya kubandulia tairi imeshindwa, na unauliza kama uende kwa fundi. Usiende.

Enzi za Ujamaa lori la kijiji lilipata pancha likiwa limejaa majani mabichi ya chai. Yasingefika kiwandani kabla ya jioni yangeharibika, na jasho la kijiji kizima lingemwagwa. Tairi lilikuwa limeng'ang'ania ringi. Nikafunga ncha ya mti mrefu kwenye shina la mkaratusi, nikasimamisha gogo fupi juu ya tairi, chini ya ule mti, wanaume watatu tukaning'inia ncha ya pili. Wapi!

"Si ulisema umesoma wewe?" mwenyekiti akanichokoza.

"Niliishia la tatu, mzee. Matairi wanafundisha la nne."

Bibi yako, wakati huo mchumaji tu wa chai, akatua kikapu. "Mnabonyeza pale pale tangu mchana! Lizungusheni!"

Nikalizungusha ili nimwaibishe. Tukabonyeza, tukalisogeza upana wa kiganja kimoja, tukabonyeza tena. Mzunguko wa tatu likaachia, na chai ikawahi.

Basi paka maji ya sabuni, bonyeza, sogeza, bonyeza. Usihesabu umeshindwa kabla hujazunguka mara tatu.

Bibi yako nilimwambia tairi lililegezwa na mvua. Nashikilia hapo hapo mpaka leo, nawe usinichongee.

Babu yako mtundu