Maharage Kwenye Pindo la Khanga

Kimara, Jumapili mchana

Dada yangu Mwanaidi,

Shikamoo. Kabla hujasoma mbele, itazame bahasha. Nimeibandika gundi mara mbili, juu yake nikapitisha mstari wa kalamu, na ndani nimetia harage moja. Kama mstari umekatika au harage halimo, basi yule kondakta wa basi niliyempa pale stendi ya Mbezi Luis kaifungua, na nitajua la kumwambia. Kupiga simu sijataka. Simu yako hapo Pangani inapokelewa na kila mwenye mkono, na haya ni ya macho yako tu.

U hali gani? Mguu umepoa? Shemeji na kifua chake? Usinijibu "sote wazima" kama kawaida yako, maana hapo ndipo nakuwaga na wasiwasi. Sie tupo. Nasri kaingia darasa la tano, baba yake bado anakata tiketi stendi, na mie sukari imepanda.

Nesi wa kliniki aliniuliza nakula nini. Nikamwambia: chai kavu, chapati moja, mchana wali kidogo, jioni matunda. Akanitazama kuanzia kichwani mpaka kiunoni, akaishia hapo. Mwembamba yule! Akasema, "Mama Nasri, chukua kikombe. Kila kitu kikiingia mdomoni, hata karanga, tia harage moja. Na kabla hujatia, jiulize moyoni kuna nini." Moyoni! Mie nimekwenda kupimwa damu, yeye anataka habari za moyo wangu ampelekee nani? Kikombe nikachukua.

Sasa humu ndani kuna wifi yangu Rehema, mdogo wake Baba Nasri. Ameachika, yuko kwetu tangu mfungo uliopita, anashona nguo barazani. Mpole, hana neno. Na watu wasio na neno mie nawaogopa. Tangu aje, chapati hazifiki jioni. Napika kumi asubuhi, baba na mwana wanakula wanaondoka, nafunika sita kwenye hotipoti, adhuhuri nakuta mbili. Mchana tupo wawili tu, na mie nimekula moja. Sasa niambie wewe.

Siku ya kwanza ya kikombe, jioni nikakuta maharage ishirini na matatu. Nikacheka kwa hasira. Kumbe kula hakumtoshi, ananitilia na maharage nionekane mlafi! Tulipokaa kula nikasema mbele ya kaka yake, "Kikulacho ki nguoni mwako. Nyumba hii ina mwizi wa chakula."

"Wifi, unanisema mie?"

"Mwenye sikio kasikia."

Hakulia. Alisema tu, "Kaka, Ijumaa narudi Lindi kwa mama." Hebu fikiria, mwanamke kaachika, anarudi kwao na jina la mwizi wa chapati. Baba Nasri akasukuma sahani. Mie nikaimalizia.

Lakini nilitaka ushahidi kabla hajaondoka. Alhamisi kikombe nikakiacha, nikafunga maharage kwenye pindo la kulia la khanga niliyojifunga. Kila nikila, nahamishia moja pindo la kushoto. Nani atanigusa mwilini nisijue? Rehema akacheka na simu barazani, nikajiuliza anamsimulia nani habari zangu, harage. Jirani kanyamaza nilipopita; maharage mawili. Baba Nasri hakupokea simu yangu, harage. Kabla ya alasiri pindo la kushoto likawa zito. Nikahesabu, thelathini na moja. Nikahesabu tena, maana siku hizi hata macho yangu siyaamini.

Toba! Hakuna aliyenitilia, na bado nikamwacha Rehema afungashe. Ijumaa asubuhi nimesimama jikoni, hotipoti wazi, nikasikia nyayo zinakuja. Nikaikunja chapati nzima nikaisukuma mdomoni. Rehema akatokea mlangoni na begi. "Wifi, naondoka. Unisamehe kama nimekukosea." Nami siwezi kumjibu, mashavu yamejaa, machozi yananitoka, nakaribia kukabwa. Akaweka begi chini, akachota maji mtungini.

"Kunywa kwanza, wifi," akasema. "Hakuna anayekunyang'anya."

Dada, nililia mpaka cherehani ya fundi wa nyumba ya pili ikanyamaza. Maana kweli nilikuwa nawahi nisinyang'anywe. Nilikuwa nimerudi kwenye sinia letu kwa Mama, mikono saba, na anayetafuna pole pole anaamka na njaa. Begi la Rehema nililikalia mwenyewe asilishike. Kaka yake aliporudi nikamwambia, "Mwizi ni mie." Akasema alijua, eti alikuwa anangoja nijue mwenyewe. Hilo nalo sijalimaliza naye.

Siku hizi nakula nimekaa, sahani moja, Rehema mbele yangu. Nikitaka kuinuka kuongeza, najiuliza kama ni njaa au ni mtu nimemkasirikia. Tonge la mwisho naliacha, na mkono unawasha, wallahi. Jana maharage yalikuwa tisa. Yeye kanisamehe, ila haraka mno, na mie msamaha wa haraka unanitia shaka. Namtazama anavyonitazama.

Lakini sikuandika kwa ajili ya Rehema. Unakumbuka kipande cha samaki nguru alichowekewa Baba, kikapotea kabatini? Nilisema nimekuona wewe. Ulichapwa, ukaitwa mkono mrefu, ukapelekwa Handeni kwa shangazi ukalee watoto, na shule ikaishia hapo. Miaka yote ukiniuliza nakujibu nilikuwa mdogo, sikumbuki. Dada, nakumbuka. Nakumbuka mpaka mwiba ulionikwama, nikaushushia tonge la ugali. Wewe hukuwa na mtu wa kulikalia begi lako. Nisamehe, na usinisamehe haraka.

Msalimie Shemeji, na wanao, na shangazi kama bado anajua watu. Mama msalimie pia. Haya ya nguru, kumwambia au kutomwambia ni haki yako, mie sikuamulii.

Hilo harage usilipike. Ndilo la kwanza kabisa, lile nililopaswa kulitia siku ile.

Ni mie mdogo wako, niliyekila kile kipande,
Zaina