Makopo Nyuma ya Jiko

Tata Wangari mpendwa,

Tangu tulipokuzika Kalimoni nimeianza barua hii mara tatu, na mara zote tatu nimeikunja nikaitia motoni. Leo nitaimaliza. Kuna jambo ulistahili kulisikia kinywani mwangu ukiwa hai, nami sikupata moyo wa kulisema.

Nilikuja kukaa kwako Ruiru, wewe dada wa mama yangu, nikiwa nimemaliza kidato cha nne, sina kazi wala mpango. Wewe ulikuwa na miaka kumi na moja katika kile kiwanda cha Thika kilichotia mishiri, yale maharagwe mabichi ya kijani, kwenye makopo, yakasafirishwa kwa meli hadi Ulaya. Ulinipeleka mwenyewe kwa Bwana Mutiso, msimamizi, ukamwambia, "Huyu ni mtoto wa dada yangu. Akiharibu kitu, uliza mimi."

Nikapewa kubandika lebo. Kazi yako wewe ilikuwa kugonga. Ulipita kati ya marundo na kijiti chako, ukigonga kila kifuniko na kusikiliza. Kopo zima lililia kwa sauti kali, nyembamba. Bovu lilitoa sauti nzito, nawe ukalitoa pembeni bila hata kulitazama. Sisi wasichana wa lebo tulikucheka, tukisema unasalimiana na mboga. Ulitusikia, ukatabasamu, ukaendelea kugonga.

Halafu nikaanza kukushuku.

Ulikuwa msimu wa kontena kuondoka mbio mbio. Zamani makopo yalikaa stoo wiki mbili yakichunguzwa kabla ya kupakiwa. Sasa yalitoka kwenye jiko la mvuke leo, kesho yakabandikwa lebo, keshokutwa yako ndani ya kontena, milango imepigwa lakiri na trela imeshika barabara ya Mombasa. "Meli haingoji mtu!" Mutiso alitupigia kelele kutwa. Na jioni, wewe ulielekea getini umekibana kiondo kwapani namna ambayo hukukibana zamani. Siku moja nilikusikia ukimwuliza askari wa geti habari za ng'ombe wake, mmoja mmoja, hadi akasahau kukupekua. Tata, wewe ambaye hukupenda maneno mengi hata kanisani!

Wiki hiyo nikaona gunia nyuma ya jiko letu. Nilipoinua pembe yake nikaona makopo matatu bila lebo, yameandikwa namba kwa chaki.

"Wairimu," ulisema nyuma yangu. "Wacha hiyo kitu."

"Ni nini, tata?"

"Ni mikebe. Kwani huoni? Usiguse, na usiambie mtu."

Hukueleza zaidi, nami sikuuliza. Nikawa mpelelezi katika nyumba iliyonihifadhi. Kila ulipotoka nilihesabu. Matatu yakawa matano, yakawa manane, yakawa tisa. Mama Kamau wa kanisani akaanza kuja Jumapili, mkanong'ona, na nilipoingia na chai mkaanza ghafla kuzungumzia mvua. Nikasema moyoni, huyu ndiye mnunuzi. Tata anaiba, na huyu anauza.

Nikaogopa. Mwizi wa kiwandani hakufukuzwa peke yake. Aliondoka na jamaa zake wote. Nilijiambia ninakuokoa kabla hujashikwa na polisi. Hilo halikuwa kweli. Niliogopa kurudi nyumbani Murera mikono mitupu.

Nikamwendea Mutiso.

Alinisikiliza akiwa ameinama juu ya karatasi zake. Nilidhani atakuita akuonye kwa siri. Aliuliza swali moja tu: "Anaziweka wapi?"

Jumamosi hiyo, baada ya chakula cha mchana, pikapu ya kiwanda ikasimama mlangoni kwetu. Mutiso aliingia na askari wawili, akaenda moja kwa moja nyuma ya jiko. Hakutafuta popote pengine. Nilikuona ukiliona hilo.

Gunia likavutwa. Makopo manne kati ya yale tisa yalikuwa yamefura, vifuniko vimetuna juu. Askari mmoja alinyoosha mkono.

"Usishike hiyo imefura!" ulimkemea. Kisha ukamgeukia Mutiso, sauti imetulia. "Ni za ile kontena ya mwezi jana. Angalia namba. Nimeziweka kwa joto kwa sababu ndani ya kontena kuna joto, na baharini ni wiki tano. Hizi ziko wiki ya tatu tu. Nilikuambia mnapika haraka. Nilikuambia mara ngapi?"

Mutiso alizisoma namba zile moja moja. Nilingoja aombe radhi.

"Hii ni mali ya kampuni," alisema mwishowe. "Jumatatu usikuje."

Akayachukua yote tisa. Mimi nilikuwa nimeshika sufuria, na hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimefanya. Pikapu ilipoondoka ulikaa kitako, ukaniambia, "Ya kumi iko kwa Mama Kamau." Kaka yake alikuwa bwana afya pale Thika. Siku hiyo hiyo mlimpelekea.

Simu zikapigwa, barua zikaenda. Kontena ile ilifunguliwa ilipofika ng'ambo, ikateketezwa yote, na tuliambiwa hakuna aliyekula. Mutiso akaondolewa. Lakini kiwanda kilifungwa msimu mzima, na wanawake uliokuwa umefanya kazi nao miaka kumi na moja wakapita mbele ya kibanda cha sukuma wiki ulichokuwa umefungua bila kukusalimia. Kiwanda kilipofunguliwa tena, mimi niliitwa. Wewe hukuitwa.

Walinipa kijiti chako.

Nilikuficha jambo hilo siku nne. Siku ya tano ulipanga makopo matupu na yasiyofunguliwa mezani, ukasema, "Kaa hapa. Kama wamekupa, ujue kazi." Ukanifundisha hadi masikio yangu yakazoea. Uliponishika kifundo cha mkono kunionyesha jinsi ya kukilegeza, nilitaka kusema. Nikasema nimechoka.

Sasa ninafanya kazi hiyo kila siku, na makopo yanakaa stoo wiki mbili, na watu wasiokujua wanakula salama. Ningependa furaha ya hilo initoshe.

Lakini baada ya mazishi Mama Kamau alinivuta kando. Alisema ulimwuliza kama ndiye aliyemwambia Mutiso. Ulimwuliza na mwenye nyumba. Ulimfuata hata yule askari wa geti hadi kwake ukamwuliza. "Mambo ya nani alisema ilimsumbua sana," alisema, akinitazama usoni.

Mimi na wewe tulilala chumba kimoja miaka mitatu baada ya siku ile. Tulikula sahani moja. Hukuniuliza hata mara moja.

Kwaheri, Tata.

Ni mimi,
mtoto wa dada yako