Sakafu Tuliyokung'arishia

Mama,

Leo mchana nimemaliza kukwangua sirage, ile nta ya kung'arishia, kwenye sakafu ya saloni, pale tunapopokea wageni. Nilipiga magoti na mchanga, sabuni na burashi ngumu, na mgongo wangu ukanikumbusha umri wangu. Wekundu ule ambao mke wangu, Mama Sifa, aliupenda sana umetoka wote. Imebaki sima tupu, saruji ya kijivu, yenye makwaruzo, isiyong'aa hata kidogo. Ungetembea juu yake, Mama. Hilo ndilo linaloniuma.

Unajua tabia yangu ya kuandika kila jioni yaliyotokea, mvua ilinyesha au la, nani alipita kutusalimu. Habari hii sikutaka kuiandika kwa ajili yangu peke yangu. Inakuhusu wewe kwanza.

Ziwa lilipoingia katika nyumba yetu ya kule chini, ulitoka na sufuria kichwani, maji yakikufika magotini, na ulikataa nikushike mkono. Ulikuwa umekwisha kuzeeka sana hata wakati ule. Tulipojenga huku juu nilitaka upumzike vizuri. Nilikupa chumba cha ndani, mbali na kelele za barabara. Nilinunua pano ya kuvuta umeme wa jua na ampule nyeupe, taa yenye nguvu kuliko zote sokoni, nikisema macho ya Mama yamechoka, yanahitaji mwanga mwingi. Nilimwambia seremala akutengenezee kiti kirefu cha sponji laini. Na kila Jumamosi Mama Sifa alipaka sirage na kung'arisha sakafu, kama inavyofanywa katika kila nyumba yenye mzee anayeheshimiwa, ili wageni wakija wasiseme kwamba tumekuacha.

Kisha siku moja ukasimama kwenye mlango wa chumba chako, ukatazama saloni, ukasema, "Mimi siingii mu maji."

Nilikuambia maji tuliyaacha kule chini, huku juu hayafiki. Ulinitazama, ukatazama chini tena, ukakusanya kikwembe chako mpaka juu ya miguu kama mtu anayetaka kuvuka mto. Hukuvuka. Mama Sifa, kwa mchezo wake, akakuuliza kama unataka tukubebe kama bibi arusi.

"Bibi arusi anabebwa na bwana mwenye mugongo," ulimjibu. "Huyu wako, mutamuokota naye pale chini."

Tulicheka sana. Kisha tukakubeba. Na kwa kuwa ulicheka pamoja nasi, hatukuuliza zaidi.

Tangu siku ile ulibebwa kutoka kitandani mpaka kwenye kiti, na kutoka kwenye kiti mpaka kitandani. Katika kiti kile ulizama mpaka magoti yakawa juu kuliko kiuno, na tuliona kwamba umekipenda, maana huinuki. Ulikuwa ukiomba kutoka nje, ukae na Mama Sifa karibu na mbabula ya makaa, uchambue maharagi. Tulikuwa tukikujibu, pumzika, Mama, umefanya kazi ya kutosha.

Watu wa shirika letu la sala walipouliza habari zako, niliwaambia kwamba gharika imebaki kichwani mwako, kwamba akili imekwenda. Nilimwambia hivyo na mdogo wangu wa Lubumbashi kwenye simu, kwa sauti kubwa, kwa sababu reseau ilikuwa mbaya. Nawe ulikuwa pale, kwenye kiti. Nilipokata simu ukasema, bila hasira, "Basi, kama munasema nimepotea, nimepotea." Jioni niliyaandika maneno hayo kama ushahidi kwamba kweli umepotea.

Halafu bateri ya pano ikaharibika, na sirage ikakosekana madukani. Tulirudia taa yetu ya mafuta, tukaiweka kwenye kiti kifupi kando ya ukuta. Sakafu ikafifia, ikajaa vumbi. Jioni moja tulikuwa nje, tukakuona unatoka mwenyewe, mkono mmoja ukutani, polepole, mpaka kwa Mama Sifa. Ulikaa. Ulivuta sinia la maharagi, ukaingiza vidole, ukatoa kijiwe na kumwonyesha. "Munatukulisha na mawe siku hizi?" Mama Sifa alilia mpaka akashindwa kuchochea moto.

Watu wa shirika waliposikia, walisema ni sala zao zimejibiwa, na kwamba Jumapili watakuja kwetu kushukuru. Nasi tulijiandaa kama watu wanaompokea Mungu nyumbani. Nilitengeneza bateri. Mama Sifa alizunguka mpaka akapata sirage, akaipaka mara mbili, akasugua mpaka dirisha likaonekana sakafuni.

Jumapili waliimba vizuri. Ulipoitwa, ulifika mlangoni, ukasimama, ukakusanya kikwembe. Wimbo ulipungua sauti moja moja mpaka ukaisha. Mtu mmoja akanishika bega, akasema pole. Nami nikapokea ile pole, Mama. Niliipokea.

Masika hayakwisha, ukashikwa na kifua, ukatuacha.

Dada yako mdogo, Mama Mudogo Yuliana, alikuja kwa matanga kutoka Niemba, akabaki, maana kule hakuna tena wa kumwangalia. Wakati wa matanga nyumba yote ilikuwa mikeka na vumbi la miguu ya watu, naye alitembea humo bila shida yoyote. Matanga yalipokwisha, Mama Sifa alisafisha nyumba na kung'arisha sakafu, ili tuanze tena maisha. Asubuhi yake Mama Mudogo alifika kwenye mlango wa saloni, akasimama, akainua kikwembe chake.

Yeye hajawahi kukaa kando ya ziwa. Maji hayajawahi kuingia nyumbani kwake.

Nilikwenda kusimama karibu naye. Ameinama sasa, kama ulivyokuwa umeinama wewe, na macho yake yana ukungu kama yako. Nami nikainama mpaka kichwa changu kikawa sawa na chake, nikafumba macho nusu. Dirisha lilikuwa limelala sakafuni, jeupe, na ampule inayowaka kando yake, na kati yao wekundu uliogeuka weusi, kama maji yasiyoonyesha kina chake. Nilijua ni sima. Hata hivyo mguu wangu haukutaka kwenda.

Akaniuliza, "Na Yaya, dada yangu mukubwa, ni hivi alikuwa anaona?"

Nilimjibu kwamba nadhani ndiyo.

"Na ninyi mulimuambia nini?"

Nilimwambia yote, hata ya simu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaenda kufunga nguo zake katika kitambaa, akasema atarudi Niemba, hatangoja katika nyumba hii mpaka naye aitwe mwenye wazimu.

Nimemwomba anipe muda kidogo. Ampule nyeupe nimeitoa, nikaweka mbili za manjano, zisizo na nguvu sana, ukutani, zikiwa zimezibwa kwa mbele ili mwanga usipige machoni wala sakafuni. Nimeweka moja ndogo kwenye njia ya choo. Dirisha limepata pazia. Ukingo wa ngazi ya mlango nimeupaka rangi ya buluu, uonekane unapoishia. Chini ya miguu ya kitanda chake, kilichokuwa chini mno, nimeweka matofali, akikaa nyayo zifike chini na magoti yasizidi kiuno. Kiti cha sponji kimeondoka, kimekuja cha mbao, kigumu, chenye mikono ya kushikia. Kwa kila kitu nilikaa mimi kwanza mahali pake, kisha nikamuuliza yeye. Mambo mengine aliyakataa, nikayaondoa. Mama, hakuna hata kimoja katika hivi kilichokuwa kigumu. Ningeviweza vyote ungali hai.

Leo, sakafu ilipokauka, alitoa mguu mmoja, akaigusa kwa kidole, akavuka. Alitoka mpaka jikoni, akamwambia Mama Sifa kwamba moto wake ni wa kuunguza, si wa kupika. Nilikwenda nyuma ya nyumba, nikakaa huko kidogo peke yangu.

Aliporudi nilimuuliza kama atabaki. Kitambaa chake bado kimefungwa, kiko juu ya kitanda. Alinijibu hivi: "Nitabaki. Lakini kwanza, urudishe akili ya Yaya pale ulipoitoa."

Basi nakuaga na ahadi hiyo, Mama. Nikimaliza kuandika nitampigia mdogo wangu. Jumapili watu wa shirika watakuja, na mimi nitasimama mbele yao kabla ya wimbo wa kwanza. Nitasema kwamba mama yangu alikuwa na akili yake yote mpaka siku alipofumba macho, kwamba alituambia wazi alichokiona, na aliyewadanganya ni mimi. Wakinipa pole, safari hii sitaipokea.

Lala vema, Mama.

Mwanao,
Plasidi