Baba Ambani, Usimdai Mtoto Jina

Baba Ambani,

Mimi niko. Mguu unaniuma tu vile uliuacha. Majani chai tunachuma, mvua imekuwa nyingi, choo kiliinama upande mmoja na Ambani akachimba kingine nyuma ya migomba. Naanza na hayo kwa sababu lile lenyewe sijui nilianzie wapi. Ni jambo la baba na kijana wake. Mama hafai hata kulisikia. Lakini wewe tulishakuzika, sasa nani angelisikia?

Majibu ya Ambani yametoka. Hakuna mbegu.

Uliwaacha yeye na mkewe Nekesa wakiwa wamekaa pamoja kidogo tu. Ulikuwa ukimchekanga, "Wewe msichana wa Matete, obusuma yako, hii ugali yako, ni ngumu kama ya mama yangu, sasa nitakufukuza vipi?" Basi wakangoja mtoto, wakangoja. Hospitali ya hapa mjini wakamwangalia Nekesa, wakasema yuko sawa. Wakapima maji ya kiume ya Ambani, hawakuona kitu. Alikuja kuniambia akiwa amesimama mlangoni, anaangalia kuku. Mimi hakuniangalia. "Mama, shida ni mimi. Usiambie mtu."

Wakamtuma Nairobi, kwa hospitali kubwa. Tulienda watatu, kwa sababu walitaka mtu anayejua magonjwa yake ya utotoni. Daktari ni msichana mdogo hivi. Akaniuliza kama Ambani aliugua matubwitubwi akiwa amebalehe. Nikasema ndiyo, na nikakukumbuka nikataka kucheka pale pale. Unajua wewe. Mashavu yake yalikuwa kama ya mtu ameficha viazi mdomoni, na ulimfunga kuni shingoni akimbie kuzunguka mti, vile watoto wetu wenye matubwitubwi wanafanyanga ili ugonjwa ubaki kwa huo mti. Alikataa, ati wasichana watamwona. Ukajifunga kuni zako wewe mwenyewe, mzee mzima, mkazunguka pamoja ukiimba. Kumbe ugonjwa ulikuwa umeshashuka huko chini. Nilimuuliza daktari kama tungemkimbiza hospitali ingekuwaje. Akasema, "Mama, hata sisi hatungekuwa na dawa ya kuzuia." Nakuambia hivyo usijilaumu.

Alinielezea pole pole. Ndani ya mwanaume kuna mirija myembamba kama uzi, imejikunja imejaa. Mingi inaweza kukauka na mmoja ubaki unafanya kazi. Sasa wana mashine ya kukuza vitu vidogo, inatumia mwanga wa leza. Huo mwanga ukipita, mrija wenye uhai unaonekana tofauti na ule umekufa, bila kuutia rangi, bila kuuharibu. Wakipata mbegu hata chache tu, wanaweza kuzitumia kumpa Nekesa mimba. Akasema bado wanaijaribu hiyo mashine, nisibebe matumaini mengi. Mimi niliyabeba yote.

Wakampasua, wakatoa vipande vidogo, wakaviangalia. Daktari akatuita mbele ya kioo cha mashine. Baba Ambani, ilikuwa ni kitu kizuri! Gizani palikuwa na nyuzi zinang'aa, zimejipinda pinda, kila mahali zinang'aa. Nikapiga makofi. Nikasema kwa sauti, "Asante Yesu, ona watoto wetu!" Ambani akaniangalia, na nikaona ameamini.

Daktari alinishika mkono. Akasema hicho kinachong'aa ni kovu. Ndivyo leza inaonyesha, kovu linawaka. Mbegu wametafuta kila kipande, hakuna.

Huo uso wa Ambani. Siwezi kuandika.

Tulirudi nyumbani. Halafu Jumapili baada ya kanisa akaja ndugu yako Lumbasi. Anasema unamjia kwa ndoto. Umesimama nje ya nyumba, hutaki kuingia, unauliza jina lako limepewa mtoto gani. Anasema wafu wetu wote wamepata wajukuu wa kubeba majina yao, ni wewe tu unarandaranda. Akamgeukia Ambani. "Shamba ikikataa mahindi, mtu analima ingine. Huyu mke wako arudi kwao Matete akapumzike." Akasema hivyo Nekesa akiwa anammiminia chai. Ambani alishika kikombe tu. Mimi nilikuwa nimeapa kunyamaza, nikanyamaza. Na Nekesa, mwenye kujua kila kitu, akamwongezea Lumbasi chai, akamuuliza kama sukari imetosha.

Ameahidi kurudi na wazee wengine. Sijui nitasema nini. Nikisema ukweli, namvua mtoto wangu nguo mbele ya baba zake. Nikinyamaza, msichana wa watu anaondoka na aibu isiyo yake. Nimeomba mpaka maneno yameisha.

Kama kweli ni wewe unaendanga kwa Lumbasi, rudi kwake mara moja tu. Mwambie humdai mtu. Wewe atakusikia, mimi ni mwanamke tu. Kwa Ambani usiende, tafadhali. Huyo hana cha kukupa, na anakupenda sana.

Na kama si wewe, kama ni Lumbasi na ndoto zake, basi sina mtu. Lakini Nekesa hatatolewa kwa huu mlango nikiwa mzima. Hilo nakuahidi, hata kama sijui nitalifanyaje.

Kwetu mke hamwiti mume kwa jina lake, na miaka yote nimekuita Baba Ambani. Sasa hakuna mtoto wa kuitwa jina lako, na mimi sitaki lipotee. Nimetoka hapa nje, hakuna mtu, nimeliita.

Shivachi.

Lala salama, mzee wangu. Kesho nitaliita tena.

Mama Ambani