Baba Anataka Kuchomelea Tundu la Kutu Kabla Kiwanda Hakijaliona

Mpendwa Shangazi Aurore, naisoma safu yako gazetini kila wiki, na sasa naomba msaada wako kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi baba yangu atawasha mashine yake ya kuchomelea na sijui kama nitakuwa na ulimi wa kumzuia.

Ninafundisha sayansi hapa hapa Bondeni, mpakani mwa Marekani na Kanada, nilisoma chuo kusini nikarudi, na nilipopata kazi nilinunua pikapu ya mtumba kwa mjane mmoja wa Van Buren, gari safi, ambalo baba mwenyewe alilikagua, akalala chini yake kwenye theluji na tochi mdomoni, akatoka akajifuta akasema, "Lichukue," nami nikalichukua, na tangu hapo kila majani yanapopukutika yeye hulipulizia chini kote oili nzito ya msumeno wa mnyororo, kisha hulipeleka mbio kwenye barabara ya changarawe ya mashamba ya viazi ili vumbi lishike kwenye oili na kuwa kama ngozi, kama wanavyofanya wanaume wote wa kwetu, kwa sababu chumvi inayomwagwa barabarani msimu wa theluji haina huruma na chuma.

Pamoja na hayo yote kutu imeingia. Baba alikuwa anagongagonga chasisi kwa nyundo ndogo, mimi nimesimama mlangoni mwa gereji na kahawa yangu, nikausikia mlio ukibadilika, chuma kikalia kama kadibodi.

"Njoo utie kidole hapa, binti."

Nikatia. Kikaingia chote.

"Usitoe macho hivyo," alisema. "Nina bamba limebaki kwenye lile jembe la kusukumia theluji la jirani Marcel. Nakata, nachomelea, napaka lami nyeusi juu. Réal atakubandikia stika ya ukaguzi bila hata kuinama."

Réal ni binamu yake mwenye kituo cha ukaguzi, na ni kweli hainami, tangu aumwe kiuno.

"Na kama pembeni nako kumeoza?"

"Tutaongeza bamba. Gari la Bondeni likifikia kufa huwa ni mabamba matupu, hata kutu imeshahama."

Nilicheka, Shangazi, ila usiku sikulala vizuri, na kesho yake wakati wa mapumziko shuleni nilipiga simu kwa kampuni iliyotengeneza gari, nikawasomea namba ya chasisi, na dada aliyepokea akaniambia jambo ambalo sikulijua, kwamba waranti ya kutu hulifuata gari, haimfuati mnunuzi wa kwanza, na kwamba chasisi iliyotoboka kwa kutu ya ndani imo kwenye waranti hiyo mpaka mwisho wa mwezi ujao, na wakiridhika huweza kuibadilisha yote. Kisha akauliza, "Kuna mtu ameigusa? Maana ikikatwa au kuchomelewa kabla wakala wetu rasmi hajaiona, sisi hatutakuwa na la kufanya." Nikasema hapana. Akauliza tena kama kuna kitu kimepuliziwa chini ambacho si cha kiwanda. Nikasema kengele imelia, nitapiga baadaye. Kengele haikuwa imelia.

Nilijaribu kumwambia baba. Tulikuwa mezani, anakunja ploye yake, chapati yetu ya Bondeni, yenye siagi, nikasema labda tuiulize kampuni kwanza. "Kampuni?" akasema. "Kampuni itakupa kalenda ya bure ya ukutani, basi." Nikatabasamu nikisubiri nafasi nyingine, lakini yeye aliacha kula, akaniambia bila kuniangalia, "Tangu urudi na shahada yako hakuna unachoniomba. Hata mlango wa jikoni ukaita fundi. Basi niachie hiki kimoja."

Ungejibu nini, Shangazi? Mimi tangu hapo nimekuwa mwongo, Jumamosi moja nikasema nina kikao cha walimu, nyingine nikasema nina homa, ikabidi nilale kitandani mchana kutwa nikiwa mzima, naye akaniletea supu ya mbaazi, akaketi karibu na miguu yangu, akawa ananieleza kwa furaha jinsi atakavyolikata lile bamba ili lishike vizuri kwenye pembe. Nikaimaliza supu. Kila kijiko kilikuwa kinaniuliza mimi ni mtu wa namna gani.

Mimi ni mtu wa kufikiri mno, najua, na nimefikiri hata kulipeleka gari likaoshwe kwa mvuke ili ile oili yote ya baba iondoke na niweze kuiambia kampuni kwamba hakuna kilichopuliziwa, lakini nikiwaza maji yale yakitiririka meusi sakafuni naona kama natoa ushahidi kwamba baba hakuwahi kulitunza gari langu. Nikimwachia achomelee, waranti imekufa, na nitakuwa napita barabara ya kando ya mto nikisikiliza kila mlio nyuma yangu. Nikimzuia, nitakuwa nimemwambia kwamba hata hiki kimoja simwamini nacho. Nimzuie vipi bila kumvunja? Na oili niioshe?

Mwenye Kidole Tunduni,
Bonde la Mto Saint John

*

Binti yangu, toa kwanza kidole tunduni, unisikilize.

Jina la binamu nimelibadilisha, ingawa Bonde zima litamtambua kwa kiuno chake. Yeye naye asome hapa: stika haishiki usukani. Na wewe, acha kuliendesha gari hilo. Uti wa mgongo wa gari umetoboka, halafu unaniambia utasikiliza milio? Omba lifti kwa mwalimu mwenzako, hutakufa kwa kuomba. Naona kuomba ndiko kunakokushinda, hata baba yako amekuambia.

Ulifanya jambo moja la akili, ulipiga simu. Kisha ukaliharibu kwa kengele ya uongo na homa ya uongo. Mzazi anakuletea supu, wewe unahojiana na kijiko. Kijiko hakina jibu. Mtu mwenye jibu alikuwa amekaa miguuni pako.

Oili usiioshe. Wakala akikuuliza, mwambie ilipuliziwa, mwaka gani na mwaka gani, na aliyepulizia ni nani. Huenda wakakunja uso. Uongo ukigundulika, hapo ndipo watakuwa na sababu ya kukufukuza, na watakuwa na haki. Ukweli unaweza kuubishania hadi mwisho. Piga picha za tundu jinsi lilivyo, usilikwaruze wala kulipanua. Jumatatu mpigie wakala rasmi wa kampuni, si muuza magari ya mtumba wa njia panda, upange siku, na uhakikishe dai lako limeandikishwa kabla waranti haijaisha. Gari libebwe, lisiendeshwe. Wakikataa, omba sababu kwa maandishi, na uombe mkaguzi wa kampuni yenyewe alitazame. Wengi wa kwetu huambiwa hapana mara moja wakarudi nyumbani kununua bamba.

Sasa baba yako. Wewe unaamini anataka kuchomelea kwa sababu anataka kuhitajiwa. Hilo lipo. Lakini mimi nimeisoma barua yako mara mbili, na nimeona kitu ambacho wewe umekiandika ukakipita. Nani alilala kwenye theluji na tochi mdomoni? Nani alisema "lichukue"? Mtu huyo amegonga kwa nyundo yake mwenyewe akasikia kadibodi, chini ya gari analoendesha binti yake. Unadhani anaona tundu tu? Anaona kosa lake, na anataka kulifunika kwa bamba na lami kabla hujalitaja. Ndiyo maana ana haraka. Ndiyo maana hataki kampuni ije kutazama.

Na kosa si lake. Wewe ni mwalimu wa sayansi, ulipaswa kuliona hili kabla yangu. Kampuni inalipia kutu gani? Ile iliyoanzia ndani ya chuma. Ndani, binti. Hakuna tochi inayofika huko. Oili yake ilikaa nje ikafanya kazi yake, ugonjwa ukatokea upande ambao mkono wa mtu haufiki. Wakikubali dai lako, maana yake ni kwamba wanakiri wao wenyewe kwamba baba yako hakukosea.

Basi usingoje Jumamosi. Leo akirudi, kabla hajavua buti, mwambie hivi: "Baba, nimekuwa nikikudanganya. Sikuwa na homa. Nimepiga simu kampuni, na wanaweza kuibadilisha chasisi yote kama hatutaigusa. Ninaomba twende wote, maana gari hili unalijua wewe." Atanuna. Mwache anune. Ataleta maneno ya kalenda. Mwache ayalete. Usimweleze mambo ya kosa wala lawama, wanaume wa Bonde hawaelezwi hayo jikoni. Akisisitiza lazima afanye kitu, milango yako bila shaka ina kutu ya juu juu, na kutu ya aina hiyo kampuni hailipii. Mpe milango.

Mkifika kwa wakala na gari likanyanyuliwa, wewe usiingie chini yake. Ujuaji wako uache shuleni. Kaa kwenye kiti cha wateja na kahawa yao mbaya, na umwache baba yako asimame pale na fundi wa kampuni. Fundi atatia kidole, atatazama, na atamwambia mzee kwamba hii imeanzia ndani, hakuna ambaye angeiona.

Hilo alisikie kwa mtu mwingine. Akitoka, usimuulize walisema nini. Msogezee kiti.