Filimbi ya Kaka Yako

Nyumba za Kiwanda,
Safu ya Tatu, Na. 9.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa wifi yangu,

Hujambo huko uliko? Mama mkwe magoti yanamwacha alale? Shemeji na watoto je? Sisi huku wazima, na leo neno hilo naliandika bila kung'ata ulimi. Kaa kitako kwanza, na uniwie radhi: barua iliyopita kuna jambo nilikuficha.

Kaka yako aliugua kifua. Unaijua kazi yake kule kiwanda cha kuyeyusha chuma: anasimama chini, anapuliza filimbi, na winchi inayopita juu inainua au kushusha mzigo kwa kumsikiliza yeye. Miaka yote filimbi ile naisikia hadi jikoni kwangu. Mwaka huu ikaanza kukatika katikati, kikohozi kikafuata. Nikiuliza, ananijibu ni mafua. Mafua ya miezi minne, wifi!

Daktari wa kiwanda alipomwita kumpima, aliomba kuiona barakoa yake ya vumbi. Kaka yako akaitoa kwa madaha. Ilikuwa na tundu katikati, limekatwa vizuri kabisa.

"Hapa ndipo inapopita filimbi," akaeleza.

Mkasi aliotumia ni wangu wa kushonea, niliutafuta wiki nzima. Daktari alimwandikia likizo ya ugonjwa ya wiki sita, akamwambia waziwazi kwamba akirudi kwenye vumbi kabla ya hapo, pumzi aliyoipoteza haitarudi tena.

Niliogopa, sikufichi. Nilikuwa nakunja nguo huku namsikiliza anavyohema. Yeye hofu yake ilikuwa nyingine: nafasi yake itachukuliwa.

Siku ya tatu nilimtuma sokoni akaninunulie nyanya. Soko liko kushoto, miguu ikampeleka kulia, hadi kwenye uzio wa kiwanda. Akamsikia aliyemshikia nafasi anapuliza ishara ya kushusha, na kwa sikio lake ilikuwa mapema mno. Uvumilivu ukamshinda. Akatoa filimbi mfukoni, akapuliza ishara ya kusimama, akiwa nje! Sheria yao ni kwamba ishara ya kusimama hutiiwa, hata apulize nani. Mzigo ukabaki unaning'inia juu, watu wanatazamana, nani kapuliza? Mpaka kikohozi kikamsaliti.

Mama Winchi, yule mwanamke anayeiendesha ile winchi, akateremka ngazi zote na kumleta nyumbani kamshika mkono, na kandambili zake na kikapu kitupu.

"Dada, mzigo wako huu," akaniambia. "Filimbi naitundika kwenye kibanda changu kule juu. Ataiona siku daktari akisema ndiyo."

Tangu siku hiyo kaka yako akatulia kama maji mtungini. Ametengeneza milango yote humu ndani, pamoja na ule uliokuwa mzima, ambao sasa haufungiki. Yule aliyemshikia nafasi alikuja kumjulia hali na kumwomba ushauri. Alipoondoka, kaka yako alikiri, kwa taabu, kwamba bwana yule anajua kazi.

Juzi Ijumaa wiki sita zilitimia. Daktari akamsikiliza kifua, mbele na nyuma, akasema kimesafika. Nililia palepale, wala sikuona haya. Kesho anarudi kazini na barakoa nzima, na ishara sasa watatoa kwa taa ya mkononi. Mkasi wangu nimeufungia kabatini.

Shemeji nisalimie sana, na watoto wote. Mama mkwe mpe shikamoo yangu, kisha umwambie hivi: jana Mama Winchi aliirudisha filimbi. Kaka yako akasimama mlangoni, akavuta pumzi, akapuliza. Nilihesabu hadi kumi na tisa, haikukatika. Majirani wakatoka kulalamika kwamba tunawapigia kelele. Mimi nikamwambia, puliza tena.

Mungu awape nanyi pumzi ndefu.

Wako akupendaye daima,
Wifi yako mwenye mkasi